Kumkatiza Daktari

Jaribio la tatu ndilo lililobaki. Likishindikana, Daktari Oyugi angeurudisha mtambo wa Egwang, na zahanati ya Sio Port ingeendelea na redio ya zamani, ambayo mmoja akiongea mwingine hasikiki. Machi 1996 Oyugi, akiwa Busia, alieleza dozi redioni kwa dakika nzima bila kujua kwamba mgonjwa ameacha kupumua. Muuguzi wa zahanati, Benedetta, hakuwa na njia ya kumkatiza.

Egwang, fundi wa redio kutoka Malaba, alitumia wiki saba kuunda mtambo huu. Busia ilirusha sauti kwa masafa yake, Sio Port kwa masafa mengine, zote kwa wakati uleule. Kazi ngumu ilikuwa kuzuia mawimbi ya mtambo yasizibe masikio ya mtambo wenyewe. Alitenganisha antena kwa mita kumi na mbili, akaongeza vichujio. Vipimo vilikuwa sawa.

Hata hivyo, mara mbili asubuhi hiyo Oyugi alisoma maagizo yenye kosa la makusudi ili akatizwe, na mara mbili Benedetta alinyamaza.

"Dada, si nilisema umkate?" Egwang alimuuliza pale Sio Port.

"Nimkate aje na hajasema ova kunipa zamu?"

"Hakuna ova tena. Finya kitufe, ongea."

"Miaka sita nafinya akinyamaza. Na huyo ni daktari, si karani wa soko la Matayos."

Usiku uliopita Egwang alikuwa amelala kwa saa tatu tu. Alifungua mkono wa simu wa mtambo, akaunganisha nyaya mbili za kitufe kwa risasi ya kuchomelea ili kipaza sauti kibaki wazi muda wote, akaufunga.

"Sasa usifinye kitu."

Oyugi akaanza tena. Benedetta alisikiliza, kisha akamgeukia Egwang.

"Huyu mzee akianza hamalizi. Na hiyo dozi ni ya ng'ombe."

Sauti ya Busia ikakatika.

"Ng'ombe gani, sista?"

Benedetta akaziba mdomo. Egwang alitazama saa, akaandika: saa sita na dakika nane, daktari amekatizwa katikati ya sentensi.

"Sawa," Oyugi alisema. "Mtambo ubaki hapo. Lakini sista, ndivyo mnavyonisema kila siku?"

"Kila siku, daktari."

Egwang alikuwa ameshaketi sakafuni, mgongo ukutani, macho ameyafumba.