Mwana wa Mfalme wa Rafu ya Chini

Alasiri, vumbi huelea katika mwanga wa dirisha la maktaba. Hushuka bila haraka, likatua juu ya kamusi, juu ya historia, juu ya elimu ya mimea. Kwenye rafu yako, mwana wa mfalme, halitui. Mikono ya wasichana hailiachii nafasi.

Nimekuchoka, mwana wa mfalme. Nimekichoka kidevu chako kilichochongoka, na macho yako yenye rangi ya dhoruba, na siri yako ambayo mimi, mtunza maktaba wa shule, niliijua tangu kurasa za mwanzo. Unamfokea msichana wa hadithi yako, unamwokoa, unamfokea tena, naye anayaita hayo mapenzi. Hajamaliza hata shule, lakini dunia nzima inamngoja aiokoe, eti kwa kuwa ana alama mkononi. Mimi pia ninayo. Niliungua na pasi, na hakuna aliyeniletea upanga.

Na yule rafiki yake wa utotoni, mpole, anayejua kupika? Huyo huachwa kwenye mataa kila kitabu. Ningekuwa mimi, ningeolewa naye mapema, tukalala zetu.

Nimekuchoka, lakini hayo yote ningeyameza. Kisichomezeka ni mama. Mama wa msichana hufa. Hufa sura ya kwanza, kwa homa, kwa moto, kwa joka, hata neno hajalimaliza. Vitabu vyako vyote nimevigonga muhuri kwa mkono wangu, na sijaona mama aliyefika sura ya pili.

Nina binti, kitindamimba wangu. Akitoka darasani huja kukaa nami hapa mpaka nifunge. Shikamoo mama, kisha huyo, amezama kwako. Nikimuuliza habari za masomo, hunijibu "nzuri" bila kuinua macho. Umenitekea mwanangu mchana kweupe, nami nimekaa pale pale.

Nikapandwa na hasira. Nikakupandisha rafu ya juu kabisa, nyuma ya vitabu vinene visivyoguswa na mtu, nikamwambia binti yangu asome vitu vya maana.

Akaacha kuja. Akawa anapitiliza nyumbani, anajifungia chumbani. Nilitaka nimpate mzima, nikakosa hata ile nusu. Kiti chake kikashika vumbi, na mimi nikashikwa na woga ambao sikuweza kumwambia mtu.

Basi nikapanda ngazi, nikakushusha, huku nasonya. Akasikia umeshuka, akarudi. Akakufungua. Nikavuta kiti, nikakaa karibu naye.

"Hebu niambie," nikamuuliza, "kwa nini hawa mama wanakufa wote?"

Akafikiri, kidole kikiwa ndani ya kitabu. "Mama akiwepo, atamkataza kutoka. Sasa hadithi itaanzaje?"

Alisema bila ubaya wowote, na ndiyo maana iliniuma. Vumbi lilikuwa likimshukia nywelani, jepesi, linang'aa katika mwanga. Nikanyoosha mkono nilipanguse, nikaurudisha.

"Haya, nisomee," nikamwambia. "Anzia sura ya pili. Mimi bado nipo."