Kopo la Magadi

"Fumbua, Silasi! Fumbua jicho!"

Flavia alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu ya karakana ya betri, stesheni ya Tabora, kapu la chakula limepinduka nyuma yake. Mumewe aligaagaa, kiganja kimeziba jicho la kushoto. Tindikali ya betri za mabehewa ilikuwa imemrukia.

Pipa la maji lilikuwa karibu na mlango. Hakuliona. Aliona kopo la magadi. Silasi mwenyewe alimwonyesha siku za uchumba wao: aliyanyunyiza juu ya tindikali iliyomwagika, ikatoa povu, ikanyamaza. "Umeona? Huyu ndiye mwuaji wake," alisema, akicheka kwa majivuno. Basi Flavia akachota kiganja tele, akamsiliba jichoni, akasugua. Yowe alilopiga Silasi, mafundi waliokuwa nje hawakujua kama ni la mtu.

Hospitalini, daktari aligusisha kwenye chozi kipande cha karatasi nyekundu ya kupimia tindikali na magadi. Kikageuka buluu.

"Hii si tindikali tena," alisema. "Tindikali ilikuwa tone tu, maji yangeiosha. Magadi ndiyo yaliyolila jicho. Nani aliyatia?"

"Mimi mwenyewe," Silasi akajibu upesi.

Toka siku ile hakumlaumu mkewe, hata alipolewa, hata walipogombana kwa chumvi kuzidi. Majirani wa mtaani kwao, Cheyo, walipouliza alisema, "Tindikali," akaishia hapo. Usiku alilala akimgeuzia mgongo. Flavia alitamani amkemee hata mara moja, naye apumue.

Kiangazi mama mkwe, Nyamizi, alikuja kutoka Sikonge kwa njia ya zamani ya wapagazi, kibuyu cha asali kichwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hii ni yako." Alikitua mbele ya Flavia, akaanza kuchomoa kizibo. "Wamenisimulia. Wanasema usingekuwapo wewe, angepofuka macho yote mawili. Mungu akulipe."

Silasi alikuwa akitafuna. Aliendelea kutafuna.

"Si tindikali, mama." Sauti ya Flavia ilitoka kavu. "Ni mimi. Nilimpaka magadi. Nilidhani namponya."

"Mama, kula," Silasi alisema. "Ugali unapoa."

Nyamizi alimtazama mwanawe, akamtazama mkwewe. Kisha mkono wake, uliokuwa bado juu ya kibuyu, ukaanza kukisukuma kizibo ndani tena, taratibu, mpaka kikakaza.