Shamba la Aminiel Siku ya Jumatano

Injini ilizimika wakiwa futi mia nane juu ya mashamba ya mguu wa mlima, na shamba la kushukia alikuwa amelichagua Eliamini.

Hakuna aliyeizima. Kassimu alisukuma leva ya mafuta mbele, injini ikakohoa mara mbili kama mbuzi aliyepaliwa na pumba, pangaboi likajizungusha nusu, likasimama wima mbele ya macho yao. Ndani ya kile kindege cha viti viwili kukawa kimya, hata Eliamini akasikia jogoo akiwika huko chini.

"Baba Rogathe," Kassimu alimwambia Eliamini. "Imekufa."

"Naona."

"Imekufa kweli."

"Nimesema naona. Shika pua ya ndege hapohapo."

Walikuwa wamepanda kufanya mazoezi ya jambo hilohilo. Kassimu alikuwa mtoto wa mzee Virani, mwenye duka la nguo karibu na stesheni ya Same. Leseni ya urubani alikuwa nayo mwaka wa nne, na kazi yake ilikuwa kutafuta nzige nyikani na kupeleka barua kwenye mashamba ya mkonge. Kazi hiyo ni kupaa, kunyoosha mbele, kutua pale ulipozoea. Miaka minne ya kunyoosha mbele ikaifanya mikono yake iwe mizito. Januari mwaka ule wa 1953 alikuja mkaguzi kutoka Nairobi, Mzungu mnene, akapanda naye, akaivuta leva ya mafuta nyuma bila kusema neno, akanyoosha kidole chini. Maana yake, tua bila injini. Kassimu akaja juu mno, akaupita uwanja mzima, akalazimika kuiamsha injini juu ya miiba. Mkaguzi akamwambia atarudi mwezi wa nne, na akishindwa tena, leseni anaondoka nayo.

Mwezi wa nne ulikuwa umefika. Mkaguzi alikuwa anakuja Jumamosi, na siku ile ilikuwa Jumatano.

Eliamini alikuwa mtunza uwanja wa ndege wa Same. Alikata nyasi, alifukuza punda milia, alimwaga mafuta, na kila asubuhi alilizungusha pangaboi kwa mkono mpaka injini ikawaka. Wakati wa vita alifanya kazi hiyohiyo kwenye viwanja vya jeshi, akaona ndege zikitua vizuri na vibaya mpaka akawa anajua kabla magurudumu hayajagusa ardhi. Usukani hakuwahi kuushika, lakini mdomo alikuwa nao.

"Unaishika kama karani anavyoshika jembe," alimwambia Kassimu siku ya kwanza ya mazoezi.

"Wewe umeruka lini, baba Rogathe?"

"Sijaruka. Lakini hata yai sijawahi kutaga, na viza nalijua."

Kassimu alicheka, akamwomba akae kiti cha pili, kwa sababu ndege yenye mtu mmoja haishuki kama ndege yenye mkaguzi mnene. Na kwa kuwa Eliamini alikuwa mwembamba kama ufito, wakaongeza gunia la mchanga nyuma ya viti, wakalifunga kwa kamba ya mkonge. Ruhusa hawakuomba kwa mtu.

Kitu kilichomshinda Kassimu kilikuwa kimoja: kutelezesha. Ukiwa juu mno bila injini, unalaza bawa moja, unakanyaga pedeli ya upande wa pili, na ndege inashuka kwa ubavu upesi bila kuongeza mwendo. Ukiitazama unadhani inaanguka. Kassimu alijua yote hayo kwa maneno, lakini kila alipolaza bawa, mkono wake uliogopa nusu ya njia, akainyoosha. Jumatatu aliogopa mara tano, Jumanne mara nne.

Kuhusu mashamba, yeye ndiye aliyeuliza. Mkaguzi angeweza kumkatia moto popote, kwa hiyo alitaka kujua shamba lipi ni kavu siku ipi. Hapo Eliamini alijiona mwalimu kweli. Mashamba ya mguu wa mlima yalinyweshwa kwa ndiva, bwawa la udongo huko juu linalokusanya maji ya mfereji usiku kucha. Alfajiri linafunguliwa, na maji yote yanashuka kwenye shamba la mwenye zamu. Zamu hizo Eliamini alizijua kama majina ya watoto wake. Jumatano ilikuwa ya Melkizedeki. Shamba la jirani yake Aminiel lilikuwa halipati maji mpaka Ijumaa, na lilikuwa limevunwa, refu, limejaa mabua makavu, limeelekea upepo wa mlimani.

"Jumatano tutatumia la Aminiel," alisema. "Hata treni inatua pale."

Basi asubuhi ile walianza kutoka futi elfu tatu, leva imevutwa nyuma, injini ikinong'ona. Sheria ni kwamba kila baada ya futi mia tano unaisukuma leva kidogo, injini ipate joto, vinginevyo inapoa na kufa. Waliposhuka mara mbili za kwanza asubuhi ile, Eliamini alimkumbusha, "Ipashe." Walipopanda tena na kushuka mara ya tatu, Kassimu alikuwa anashuka vizuri kuliko siku zote, pua imetulia, saa ya mwendo haichezi, na Eliamini akanyamaza asimvuruge. Kassimu naye alisahau. Futi elfu mbili na mia mbili walishuka bila kuipasha hata mara moja.

Sasa walikuwa futi mia sita.

"Shamba lako lile pale," Kassimu alisema. Mikono yake ilikuwa imetulia. "Naenda moja kwa moja?"

"Moja kwa moja. Usibadilishe kitu."

Jasho lilikuwa linamshuka Kassimu masikioni. Shamba lilikuwa linakuja, rangi ya manjano, tupu. Eliamini alianza kuamini kwamba hadithi hii ataisimulia kwa kucheka. Kisha akaona yangeyange.

Walikuwa wanatembea katikati ya mabua, weupe, taratibu, wakiinua miguu. Alihesabu wanane, akaacha kuhesabu. Yangeyange hawatembei namna ile kwenye udongo mkavu. Wanafuata wadudu wanaokimbia maji.

Ndipo akakumbuka. Jumapili walikuwa wamemzika mama yake Melkizedeki. Aliyefiwa hashiki jembe mpaka matanga yaishe, na maji yake hayaachwi yapotee, yanakwenda kwa jirani. Jirani ni Aminiel. Eliamini alikuwepo msibani. Alikula makande palepale karibu na wazee wa ndiva, akawasikia wakipanga kwamba Jumatano Aminiel atapokea maji alainishe shamba kabla ya kulima. Hata aliitikia kwa kichwa. Lakini msiba aliuweka upande mmoja wa kichwa na ndege upande mwingine.

"Kassimu. Shamba lina maji."

"Nini?"

"Limefunguliwa leo. Chini ya mabua ni tope. Tukigusa, magurudumu yanazama, tunapinduka kifudifudi."

"Umeniambia kavu!"

"Nimekosea! Tazama kushoto, njia ya ng'ombe, kando ya mfereji. Udongo wake ni mgumu kama saruji."

Kassimu alitazama. Njia ilikata kushoto chini ya mlima, nyembamba, fupi, upande mmoja mfereji na upande mwingine ua wa minyaa. Saa ya kimo ilionyesha futi mia nne.

"Fupi ile. Na tuko juu mno, tutaipita."

"Telezesha."

"Siwezi, baba Rogathe. Umeniona siwezi."

"Telezesha, mtoto wa Virani! Au rudi dukani ukapime kanga!"

Kassimu aligeuza kushoto, mlima ukawa kuliani kwao, na upepo ukaanza kuwasukuma kwenye minyaa. Alilaza bawa la kulia. Alikanyaga pedeli ya kushoto. Ndege ilitetemeka, upepo ukaanza kuvuma kwenye mlango wa Eliamini, na Eliamini akajikuta anaitazama ardhi chini ya bega lake, mawe, mavi ya ng'ombe, mwanamke aliyetupa kuni akakimbia. Alisubiri mkono wa Kassimu uogope. Futi mia tatu. Mia mbili. Haukuogopa. Ulibaki pale, umekaza, vifundo vyeupe. Gunia la mchanga lilivuta kamba yake nyuma yao, kamba ikalia.

"Bado," Eliamini alisema. "Bado. Bado. Sasa!"

Kassimu alinyoosha. Bawa liliinuka, pua ikaitazama njia, magurudumu yakagonga, ndege ikaruka kidogo, ikagonga tena, ikakaa. Wakawa wanakimbia ardhini, mkia chini, wakiwa katikati ya njia sawasawa. Katika kutua kote alikokuona, vitani na Same, Eliamini hakuwahi kuona kuzuri kama kule.

Kulidumu kiasi cha hatua tisini. Mbele yao Aminiel alikuwa amekata njia kwa jembe asubuhi ileile, ufa wa upana wa mkono mmoja, apitishe maji yasiyokuwa yake kwa desturi. Gurudumu la kulia liliingia mle. Mguu wa ndege ulivunjika, bawa likachimba ukingo wa mfereji, mkia ukainuka, na ndege ikalala chali. Kamba ya mkonge ilikatika. Gunia likaja mbele.

Aminiel alifika akiwa na jembe mkononi na tope mpaka magotini.

"Mmenivunjia mfereji!" alipiga kelele. Kisha akainama, akachungulia. "Mko hai?"

"Tuko hai," Kassimu alisema kwa mdomo uliojaa damu. "Mtoe mzee kwanza. Mzee kwanza."

"Eliamini? Wewe si ulikuwepo msibani? Hukusikia maji ni yangu leo?"

Eliamini alikuwa ananing'inia kwenye mkanda, kichwa chini. "Nilisikia," alisema.

Mkaguzi alikuja Jumamosi kama alivyoahidi, kwa gari kutoka Moshi. Alitembea njia ile yote kwa miguu, akapima alama za magurudumu kwa hatua zake, akarudi akazipima tena. Alimwambia Kassimu kwamba kutua kule angekupasisha. Halafu akauliza kuhusu injini iliyoachwa ipoe, na kuhusu mtu aliyekaa kiti cha pili bila ruhusa, na Kassimu akajibu yote mawili bila kudanganya.

Ndege ilikuwa moja, na haikutengenezeka. Pangaboi, bawa la kushoto na mguu uliosalia vilipakiwa kwenye behewa kama vipuri, vilivyobaki viliachwa vishike kutu nyuma ya stesheni. Maji ya ndiva ya siku nzima yalimwagikia kwenye minyaa, na Aminiel alilima shamba lake wiki mbili baada ya wenzake. Kassimu alipoteza meno mawili ya mbele na leseni yake, akarudi kupima kanga dukani kwa baba yake. Mkono wa kulia wa Eliamini ulivunjika juu ya kiwiko, mahali pawili, ukaunga ukiwa umepinda, na hakulizungusha tena pangaboi la ndege yoyote.