N Moja au Mbili

"Basi wasomee kitabu cha mapishi!" Girmachew alinifokea, akalisukuma lile buku lake mezani hadi likagonga kikombe changu cha kahawa. "Wafundishe kukoroga mchuzi wa shiro, wafurahi!"

"Wangesikiliza," nikamjibu. "Shiro huiva. Hicho chako hakiivi."

"Mama Meklit, kitabu hiki kimenilea mimi."

"Kilikulea umekaa peke yako, kimya, unarudia ukurasa ukitaka. Hawa ni vijana wa darasa la kumi na moja, wana njaa, na nje wenzao wanacheza mpira. Muhula uliopita ulifika pale shujaa anapoutazama mlima, na benchi za nyuma zikahama zote kupitia dirishani."

"Hawana subira."

"Hawana. Ndio tuliopewa."

Walimu wengine walijifanya wanasahihisha madaftari. Girmachew ni mkuu wa idara ya Kiamhari, ana shahada mbili. Mimi natunza maktaba ya shule, hapa Dessie, kwa diploma yangu ya chuo cha ualimu. Kila Ijumaa, saa ya mwisho kabla ya chakula cha mchana, mmoja wetu huwasomea vijana riwaya kwa sauti, kwa kuwa kila riwaya tuliyo nayo ni nakala moja tu. Saa hiyo niliipigania mwaka mzima. Wengi wa vijana wale hawana kitabu nyumbani zaidi ya vile vya masomo, na wakimaliza shule hakuna atakayewasomea tena.

Sasa saa hiyo ilikuwa inaondoka. Bi Zinet, mkurugenzi wetu, alikuwa ameshasema: atapita Ijumaa hii aone. Akikuta benchi tupu, kuanzia wiki ijayo ile saa ni ya hesabu. Mtihani wa taifa hauulizi riwaya.

"Tugawane," nikasema. "Nusu ya kwanza yako, nusu ya pili yangu."

"Na cha kwako ni kipi?"

"Sijui bado."

Akacheka, akasema atasali kwa ajili yangu.

Nilikuwa na siku chache, na nina namna yangu ya kuchagua. Jioni huwa nachambua dengu, binti yangu Meklit anakaa karibu na simu yake, na mimi namsomea ukurasa wa kwanza. Akiinua macho, kitabu kinabaki. Asipoinua, kinarudi kwenye kapu la vitabu. Yeye mwenyewe yuko darasa hilo, na ulimi wake ameurithi kwangu.

"Mama, huyu mtu ameamka tangu tuanze, hajafika hata mlangoni."

Kapuni.

"Huyu anahubiri. Padri tunaye."

Kapuni.

"Huyu msichana analia sana. Hana ndugu wa kumwambia anyamaze?"

Nilibakiwa na kijitabu chembamba kisicho na jalada, wala jina la mtunzi halijulikani. Nilikichukua kwa sababu mbili tu: sura zake ni fupi, na kinaanza na mtu anayebisha hodi. Mama mmoja ana mgahawa kando ya barabara ya malori. Mwanawe dereva amepindua lori bondeni, ametoroka, na anayebisha ni mwenye lori, ameapa kumfunga. Nilipofika hapo Meklit alikuwa ameweka simu chini.

"Endelea," akasema.

"Dengu zimekwisha."

"Mama, chambua na hizo za kesho!"

Ijumaa maktaba ilijaa, kwa kuwa kuingia ni lazima. Kutoka ndiko hakuna anayekuzuia. Girmachew akaanza. Niseme ukweli, ana sauti ambayo redio ingeinyang'anya shule: nzito, safi, kila herufi inakaa mahali pake. Lakini shujaa alikuwa bado anautazama mlima. Kijana wa mwisho mwisho akaomba ruhusa ya kwenda msalani, wa pili akamfuata kumsindikiza, wa tatu akaenda kuwatafuta, na wengine nyuma yake. Nusu yake ilipokwisha, benchi tatu za nyuma zilikuwa wazi.

"Karibu," akaniambia, akajifuta jasho. "Wamebaki wale wenye adabu."

Mimi sina sauti. Mimi nina haraka. Nikabisha meza kwa ngumi, "Ngo! Ngo! Ngo!", wakashtuka, nikaanza kusoma. Mwenye lori akaingia na viatu vya matope. Yule mama hakugeuka, akaendelea kumimina rojo la injera, mkate wetu mwembamba, kwenye bamba la moto. Mwenye lori akahesabu sahani, akauliza mbona mtu mmoja anaosha sahani mbili. Wale wa msalani wakarudi, wakasimama mlangoni, mmoja akamwambia mwenzake, "Shh!" Mguuni pa meza kulikuwa na jogoo amefungwa kamba. Mwenye lori akamsukuma kwa kiatu, akauliza, "Mwanao anarudi lini?" Na yule mama, bila kuinua kichwa, anajibu kwa neno moja. Ndio mwisho wa sura.

Nikalisoma kama nilivyolisoma siku zote: "Gena."

"Umekosea!" Girmachew akanguruma kutoka nyuma. "Ni genna! Kaza n!"

Maktaba nzima ikageuka.

Maandishi yetu hayaonyeshi konsonanti iliyokazwa. Gena na genna huandikwa sawasawa, na anayesoma ndiye anayeamua. Ukiitamka nyepesi, ni "bado". Ukikaza n, ni Krismasi yetu ya Januari. Kwa macho nilikuwa nimepita hapo mara nyingi, na halikunijia hata siku moja kwamba kuna njia mbili. Naapa sikukichagua kwa ajili hiyo.

"Ni bado," nikasema. "Hajui mwanawe yuko wapi."

"Anajua!" Girmachew alikuwa amesimama. "Na sahani ya pili? Anawasiliana naye, na ulimi umemteleza. Amemtajia adui siku!"

"Mwalimu, samahani." Huyo ni Seid, kijana mrefu ambaye tangu mwaka uanze sijamsikia akisema neno darasani. "Mama gani anamuuza mwanawe kwa neno moja? Ni bado. Nyie Wakristo, Krismasi mnaiona hata kwenye chungu."

Wakacheka. Meklit akaruka. "Na jogoo je, Seid? Jogoo amefungwa kwa ajili gani? Si wa mchuzi wa sikukuu?"

"Jogoo ni saa yao ya kuamka!"

"Amefungwa kamba mguuni, saa gani hiyo?"

"Saa ya mkononi haifungwi?"

Sasa hakukuwa na wa kumsikiliza mwenzake. Upande wa dirisha ukawa gena, upande wa mlango genna. Msichana mmoja akapanda juu ya benchi akaeleza kwamba mama huyo amesema genna makusudi, ili mwenye lori aje siku hiyo na kijana awe ameshavuka mpaka. Girmachew akamwambia ana akili ya wakili. Seid akasema ana akili ya mwizi. Kengele ya chakula ikalia. Nawajua watoto hawa: kengele hiyo ikilia huwa kama mlango wa zizi umefunguliwa. Hakunyanyuka hata mmoja. Nadhani hawakuisikia.

Aliyeisikia ni Bi Zinet, na ndiye aliyekuja.

"Wanapigana?" akaniuliza mlangoni.

"Ndiyo," nikasema. "Kwa herufi."

"Mkurugenzi, tuamulie!" Seid akampigia kelele, akamweleza yote kwa pumzi moja: lori, sahani, jogoo, neno. "Wewe unaonaje? Ni bado, si ndiyo?"

"Mimi msiniingize. Genna naalikwa na majirani kila mwaka, nikisema vibaya nitakosa mwaliko." Lakini miguu yake ilikuwa imeshaingia ndani. "Kwani kitabu hakisemi?"

"Nadhani kinasema," nikajibu. "Sura ya pili, hata mimi sijaifungua."

"Basi watasikia Ijumaa ijayo," akasema, kisha akakumbuka kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyesema Ijumaa ijayo haipo. Alizitazama zile benchi. Zilijaa hadi nyuma, na wengine walikaa sakafuni. Nje uwanja ulikuwa mtupu na mpira umelala peke yake.

"Hesabu itahamia Jumanne jioni," akasema. "Ijumaa ibaki ilivyo."

Kelele walizopiga zilitikisa vioo vya madirisha. Girmachew alipiga makofi kuliko wote, mtu mzima na shahada zake.

"Lakini si Ijumaa ijayo," nikasema nilipopata nafasi. "Sasa hivi. Nikiwaacha na neno hilo wiki nzima, hakuna mwalimu atakayefundisha humu."

"Na chakula?" Bi Zinet akauliza.

"Nani ana njaa?" nikawauliza.

Hakuna aliyekuwa na njaa.

Nikafungua sura ya pili. Nikaona mistari ya kwanza, mwenye lori anamgeukia yule mama na kumwuliza tena, na nikajua papo hapo kwamba sauti yangu ya sokoni haitaufikisha ukurasa ule. Kitabu nilikuwa nimekipata. Msomaji hakuwa mimi.

"Girmachew," nikamwita. "Njoo usome."

"Mimi? Nitakaza n, nakwambia mapema."

"Kaza. Kitabu kikikukatalia, utaumbuka mbele yao."

"Na kikinikubalia?"

"Nitaumbuka mimi. Njoo, bwana, watoto wanasubiri."

Akapita katikati ya benchi, wakamsogezea miguu. Nikampa kijitabu kikiwa wazi, nikamwachia meza, nikajibana kwenye benchi ya mbele kati ya Seid na mkurugenzi. Girmachew akavaa miwani, akasafisha koo mara moja, akabisha meza kwa ngumi, akaanza kusoma.