Jina la Protea

Guelord aliporudi na mche aliong'oa kwenye vilima vya Kambove, mkewe Mwenya alimuuliza unaitwaje.

"Protea," akasema. Alikuwa amesomea kilimo chuo kikuu, kazi akaikosa, akaingia mashimoni kuchimba kobalti. Akamweleza kwamba jina hilo limetoka kwa Proteo, mzee wa baharini katika hadithi za Wagiriki. Mzee huyo alijua ukweli wote ila hakupenda kuusema. Ukimkamata, anageuka simba, nyoka, maji, hata mti. Na kwa kuwa maua ya jamii hii yana sura nyingi, wataalamu wakayapa jina lake.

"Sasa batu walimuwezaje?"

"Walimushika tu, mama. Hawakumuachilia mpaka akachoka."

Mvua zilipoanza, Guelord alikwenda Kambove asirudi. Rigobert, mwenye shimo aliyemwajiri, alimwambia Mwenya kwamba mumewe amehamia mpakani Kasumbalesa kupakua malori. Alipofuatwa tena, akasema jamaa amevuka kwenda Zambia na mwanamke. Mara ya tatu akaapa kwamba hamjui kabisa mtu huyo.

Hapo damu ilimchemka Mwenya. Asubuhi alimvizia Rigobert mbele ya nyumba yake, mtaa wa Bel-Air, akamkwida shati shingoni kwa mikono miwili.

Rigobert akacheka. "Mama Mwenya! Ingia basi, tukunywe chai."

Mwenya hakuachia. Rigobert akabadilika, akafoka kwamba ataita polisi. Alipoona hilo halisaidii, akafumba macho na kuanza kukemea mapepo kwa jina la Yesu. Mwisho akashika kifua, akalegea, akasema moyo unasimama.

"Weye geuka tu!" Mwenya alipiga kelele, sauti ikipasuka. "Geuka hata jiwe kama unataka! Bwana yangu iko wapi?"

Majirani walikuwa wamejaa. Wengine walimsihi mama atulie, lakini Christiane wa nyumba ya pili alisogea akaegemea mlango wa gari la Rigobert, ili mwenye gari asipate pa kukimbilia.

"Iko mu shimo na wenzake," Rigobert akasema hatimaye, kwa sauti ndogo. "Udongo ulianguka. Niliogopa serikali itafunga kazi. Nikaleta mashine, nikafukia."

"Walikuwa wamekufa?"

Mwenya akamtikisa mpaka vifungo vikaruka.

"Mumoja alikuwa angali anagonga."

Mwenya alimpiga makofi hata viganja vikafa ganzi, na hakuna jirani aliyemzuia.

Ndugu wa wachimbaji walilifukua shimo lile kwa majembe, kisha kwa mikono. Guelord akazikwa kwa heshima, Rigobert akapelekwa gerezani. Kanisa lake lilipotuma wajumbe kumwombea msamaha, Mwenya aliwasikiliza akiwa amesimama mlangoni.

"Muende mukagonge kwa Mungu," akawaambia. "Hapa hapafunguliwi."

Akaubamiza mlango.