Manjano Kwenye Rejeta

Shati jeupe la mume wangu lilirudi tena na manjano kifuani, alama ya kiganja kilichopangusiwa hapo. Nilikuwa uani nafua. Nililisugua doa lile mpaka kitambaa kikaanza kulegea, na bado halikutoka. Mwenye shati alikuwa ndani anakula, na kila akimeza tonge alipiga mluzi.

Nilijua lilikotoka. Kijiji chetu kizima, Ulaya ya Kilosa, kilijua, maana Onesphory mwenyewe hakuficha. Ulikuwa mwaka uliofuata ule wa kuhamia vijijini, na kijiji chetu cha ujamaa kilikuwa na lori moja kuukuu, yeye ndiye dereva. Kila wiki alipeleka ndizi na mahindi yetu Mikumi, kwenye barabara kuu. Rejeta ya lori ilikuwa imetoboka. Likifika Mikumi linatoa mvuke kama chungu cha maharage, na pale unapoingia mjini kulikuwa na mjane mmoja, Mwanvua, anayewauzia madereva chakula. Yeye ndiye aliyempa maji. Yeye ndiye aliyemfundisha kumimina binzari ya manjano ndani ya rejeta ikiwa bado ya moto, izunguke na maji, ifike kwenye tundu, igande pale na kuziba.

Na ilikuwa inaziba kweli! Hilo ndilo lililoniudhi. Inaziba safari moja, pengine mbili, kisha tundu linafunguka na mume wangu anarudi kwa daktari wake.

"Mwanvua anasema ukichanganya na ute wa yai inashika zaidi," aliniambia siku moja, mdomo umejaa ugali.

Mwanvua anasema. Mimi nimemzalia mtoto, nimemuuguza mama yake mpaka tukamzika, na sikumbuki siku ambayo Onesphory aliwaambia watu kwamba Letisia anasema. Kwetu tulipika kwa karanga, basi, manjano hatukuyajua. Nikaagiza ya dukani Kilosa, nikapika wali wa rangi. Akala, akasifu, akasema nimekaribia. Nimekaribia! Niliondoa sahani yake kabla hajamaliza.

Ulikuwa wivu, siuiti jina lingine. Ulilala na mimi na kuamka na mimi. Nikichota maji namwona yeye anachota. Nikijifunga khanga najiuliza yeye anajifungaje. Na wala nilikuwa sijawahi kumtia machoni.

Basi mkutano wa kijiji ukaitishwa, kuamua pesa za pamba zifanye nini. Jibu lilikuwa linajulikana: mashine ya kusaga. Wanawake tulikuwa tumeililia mashine ile tangu tuhamie, mikono imeota sugu kwa kutwanga. Mwenyekiti wetu, Mzee Lazaro, alikuwa ameshaitaja na watu wameshapiga makofi, nilipoinuka.

Nikawaamkia wazee, wakaitikia marahaba. Nikauliza hiyo mashine dizeli yake italetwa na nini. Nikauliza lori likitufia porini na mazao yetu juu, katikati ya tembo, huko ndiko kujitegemea? Nikasema manjano ni ya mchuzi, na kijiji kinachojenga taifa hakiwezi kila wiki kwenda kuomba maji kwa muuza wali; pesa zinunue kwanza rejeta mpya. Watu walicheka, halafu nikaona vichwa vinaitikia. Nilikuwa naongea habari ya rejeta na mkutano mzima ukaniamini.

Wa kwanza kunyoosha mkono alikuwa jirani yangu Paulina, mjamzito, aliyeisubiri mashine ile kuliko sisi wote.

"Letisia ameona mbali," akasema. "Tutatwanga mwaka mmoja zaidi."

Onesphory alikuwa amekaa nyuma na wanaume wenzake. Hakunyoosha mkono, wala hakupinga.

Rejeta mpya ikaja kwa treni mpaka Kilosa, imefungwa kwenye gunia. Fundi alipoing'oa ile ya zamani akaikung'uta, likamwagika tope la manjano, na uwanja mzima ukanuka mchuzi. Watoto wakacheka. Mimi nilichukua jembe nikafukia, nikakanyaga na juu.

Safari ya kwanza nikasema na mimi naenda, nina ndizi zangu za kuuza. Onesphory akasema haya, panda. Nilivaa khanga ambayo haijaona maji, nikakaa mbele, dirishani, upande ambao lazima nionekane.

Nilimtambua kabla sijaonyeshwa. Alikuwa amesimama kando ya barabara, ndoo imeshajaa maji miguuni pake. Bila shaka alilisikia lori likiwa mbali. Hakuwa mzuri kunizidi. Alikuwa mtu mzima, mnene kidogo, vidole vya manjano, uso wa mtu aliyeamka mapema. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia mrembo, na huyu sikujua nimfanyeje.

Lori halikutoa mvuke. Onesphory akapiga honi fupi, tukapita. Kwenye kioo cha pembeni nikamwona Mwanvua ameinua ile ndoo, anamwaga maji mbele ya mlango wake, pole pole, kama anatuliza vumbi, kama ndiyo kazi aliyoyachotea.

Nilifurahi mpaka sokoni. Niliuza ndizi kwa bei ya kutupa na wala sikujali.

Wakati wa kurudi tulipita pale tena. Mlango ulikuwa umerudishwa. Mbele kidogo, pasipo na nyumba wala mtu, Onesphory akasimamisha lori. Akashuka, akafunua boneti. Nilimsikia anaipapasa rejeta, juu, chini, pembeni. Kisha akachuchumaa kutazama chini ya lori, akakaa hivyo mpaka na mimi nikashuka.

"Linavuja, Baba Filomena?"

Hakuniangalia.

"Halivuji," akasema. "Hata tone."

Aliyasema kwa sauti ambayo watu huitumia kukujulisha msiba. Akafunga boneti, akapangusa kiganja kifuani, pale pale alipozoea. Shati likabaki jeupe.

Kijijini walinipa jina, Mama Rejeta, na wananiita hivyo mpaka leo kwa heshima. Mwaka ule mzima tulitwanga, mimi na Paulina na tumbo lake, kinu kimoja. Lori halikuharibika hata mara moja. Onesphory alirudi mapema kila safari, akakaa ndani, akala nilichompikia, akamaliza sahani. Mimi nilikuwa uani na mchi wangu, na kila nikiuinua niliutuliza kidogo juu, nisikilize kama atapiga mluzi.