Kamba Iliyopata Mpinzani

Wapo wapenzi wa mpira, wapo wa ngumi, wapo na wale wanaokimbia asubuhi bila kufukuzwa na mtu. Mzee Chapa na wenzake saba walipenda kuvuta kamba. Waliupenda mchezo huo kama kijana anavyompenda binti wa ng'ambo ya barabara: kila siku anamtaja, barabara yenyewe havuki.

Jina la Chapa lilimfuata kutoka kiwandani, alikopiga chapa magazeti na kalenda mpaka wino ukaingia chini ya kucha ukakataa kutoka. Siku aliyostaafu, kiwanda kilimpa saa ya ukutani na, kwa kuwa hakuna aliyejua pa kuitupa, kamba iliyokuwa ikipandishia mitambo ghorofani. Kamba ile, bwana! Nene kama mkono wa mtoto aliyenyonya akashiba, na ndefu kiasi kwamba ukiikunja inakaa chumbani kama mgeni wa heshima. Saa ilikufa mwaka wa kwanza. Kamba ililelewa. Kila Jumamosi ilitolewa uani kuota jua, ikapakwa mafuta, ikapapaswa, ikarudishwa ndani kabla umande haujaanguka. Panya wa nyumba ile walikula sabuni, walikula viatu, lakini kamba waliiheshimu.

Jumamosi hizo ndipo timu ilipokutana barazani. Walikaa kwa mpangilio wa kuvuta: Mzee Chapa mbele, wengine nyuma yake, na mwisho kabisa, ukutani, Bucha, muuza nyama mwenye mwili wa watu wawili waliopatana. Huyo ndiye nanga, mtu wa mwisho anayejizungushia kamba mwilini ili timu isiburutwe. Wa tisa alikuwa Refa, mwalimu wa mazoezi wa zamani, asiyeruhusiwa kuvuta wala kucheka, mwenye filimbi shingoni hata akienda msalani.

Sasa, kuvuta kwenyewe. Sheria, alisema Refa, inataka wanane kwa wanane. Waliwahi kuwaalika waoka mikate. Wakaja saba, wakarudishwa. Wakaalikwa maseremala, wakatimia, lakini nyasi za uwanja zilikuwa ndefu kuliko sheria inavyopenda. Safari nyingine kila kitu kilikuwa sawa, ila Bucha alikuwa na mafua. Basi wakawa wanakunywa chai na kubishana. Kitangulie kuzama ardhini kisigino au kidole gumba? Pumzi ivutwe puani au mdomoni? Na zaidi ya yote, mita nne. Upande mmoja ukivutwa mita nne, filimbi inalia, mmeshinda, mnaachia kamba. Mzee Chapa aliitamka hiyo mita nne kama wengine wanavyotamka peponi.

Binti yake mkubwa, ambaye mtaa mzima ulimwita Dobi, alikuwa akiwapitia na beseni kichwani.

"Shikamooni wanamichezo," alisema. "Leo mmevuta nini? Viti?"

"Marahaba, mwanangu. Cheka tu. Mpinzani hajapatikana."

Dobi alifua shuka na taulo za watu kwa mikono yake miwili. Ngozi ya vidole vyake ilikuwa imechakaa na sabuni mpaka akishika kikombe cha chai cha moto hasikii. Baba yake aliviona vidole hivyo kila asubuhi na kila asubuhi alitazama pembeni. Kwa hiyo hospitali ilipokubali kumpa shuka zake zote azifue, kuanzia Jumatatu, na Dobi akapata mashine kuukuu ya kufulia, ya chuma tupu, kubwa kama chumba cha mlinzi, hakuna aliyefurahi kama Mzee Chapa. Furaha ikamtoka na maneno.

"Baba, nimeshaongea na wapagazi wa sokoni. Watakuja kuiingiza ndani."

"Wapagazi wa nini na timu ipo?"

"Timu ipi, baba?"

Swali hilo lilimchoma kuliko mwiba. Alisimama. "Mwanangu, waambie wapagazi wapumzike. Mashine yako itaingia ndani kwa mikono ya wanaume wanaojua kuvuta. Neno langu hilo."

Dobi alimtazama muda mrefu. Lakini baba ni baba. Akawaambia wapagazi wasije.

Mashine ikaja Jumamosi, juu ya lori, ndani ya kreti ya mbao, na wingu jeusi nyuma yake kama vile vimepanda gari moja. Vibarua wa lori waliweka mbao mbili kutoka mkia wa gari, wakaisukuma kreti, na mbao moja ikalia kah! Kreti ikateleza, ikayumba, ikaingia kwenye mfereji wa barabarani kwa kishindo kilichozima majiko ya nyumba tatu. Mfereji ulikuwa mkavu, lakini mtaa mzima uliujua: mvua ikinyesha kule juu, hugeuka mto kabla hujamaliza kuanua nguo. Na mota ya mashine ile ilikaa chini kabisa, tumboni.

"Sisi kazi yetu kufikisha," alisema dereva. "Imefika." Wakaondoka.

Dobi alisimama ukingoni mwa mfereji, mikono kichwani. Hakupiga kelele. Alisema taratibu tu, "Maji yakiingia humo, Jumatatu sina kazi. Narudi kwenye beseni, baba."

Mzee Chapa aligeuka kuwatazama wenzake. Walikuwa wanane. Hakuna mwenye mafua. Nyasi hazikuwepo. Walitazamana kama watu walioitwa kwa majina yao na sauti wasiyoijua.

"Jamani," Bucha alinong'ona, "mpinzani amepatikana."

Kamba ikatolewa. Ikafungwa kwenye kreti, mbao zikapangwa kama ngazi ya kupandia mfereji, na timu ikajipanga uani ikiipa mgongo karakana ya Dobi ya kufulia, ambayo kwa bahati ilikuwa na mlango mbele na mwingine nyuma. Refa alichora mistari yake chini kwa unga wa chokaa, maana kazi ni kazi. Kisha akasimama pembeni, akainua mkono.

"Shika!"

Wakashika. Mzee Chapa alikuwa ameishika kamba ile mara elfu, ikiwa imelala. Hakuwahi kuishika ikiwa na mtu upande wa pili.

"Kaza!"

Ikasimama. Wallahi kamba ile ilisimama hewani kama nyoka aliyesikia jina lake, ikadondosha vumbi la miaka yote, ikaanza kutoa sauti, sauti nyembamba ya mlio, kama wimbo wa mtu anayeimba na midomo imefungwa. Mzee Chapa alihisi uzito wa mashine ukipita viganjani, ukapanda mabegani, ukashuka mpaka kwenye nyayo, na ukamsalimia.

"Vuta!"

Kwanza hakikutokea kitu. Visigino vilizama ardhini, vidole gumba vikafuata, na swali la miaka yote likajijibu lenyewe bila mtu kulisikiliza. Kisha chuma kikaguna chini ya mfereji. Kikasogea kidogo, kadiri ya ukucha. Macho yakamtoka Mzee Chapa. Kitu ambacho hakingesogea, kimesogea! Wakavuta tena, na kreti ikachungulia ukingoni, ikapanda mbao, ikaingia uani ikitambaa kama kobe aliyeamua. Watoto walikuja, wanawake walikuja, fundi redio alikuja na koleo mkononi. Kreti ikafika kwenye mstari wa chokaa. Ikauvuka.

Mita nne.

Prrrrr! ikalia filimbi.

Na hapo, ndugu msomaji, wanaume wanane waliokuwa wameisubiri filimbi hiyo nusu ya maisha yao walifanya kile ambacho sheria inaamuru. Waliachia kamba. Wakarusha mikono juu. "Tumeshindaaa!" Wakakumbatiana, Bucha akambeba mtu na kumzungusha, Mzee Chapa akalia machozi ya kweli. Nyuma ya migongo yao, kwenye ua ule ulioteremkia mferejini, kreti ilifikiri kidogo, ikageuka, ikarudi ilikotoka. Kishindo cha pili kikaamsha waliolala mchana.

Waligeuka wote kwa pamoja.

"Mmeachia," alisema Dobi. Hakuwa na hasira hata kidogo, alikuwa anashangaa tu, kama mtu aliyeona kuku akiogelea. "Baba. Mmeachia!"

"Mita nne, mwanangu..." alianza Mzee Chapa. Mara ya kwanza maishani aliisikia mita nne jinsi wengine wanavyoisikia.

Refa alikohoa. "Kisheria ni raundi mbili kati ya tatu," alisema kwa sauti ndogo.

Tone la kwanza la mvua likampiga puani.

Kule juu mvua ilikuwa imeshaanza zamani. Maji yalikuja mfereji mzima, mekundu, yakileta ndala moja na majani, yakaanza kulamba miguu ya kreti. Dobi alimwendea Refa, akanyoosha mkono.

"Baba mdogo, naomba hiyo filimbi."

"Binti yangu, filimbi ya refa haishikwi na..." Akauona mkono wenyewe, vidole vile. Akaivua shingoni akampa. Dobi akaitia mfukoni.

"Sasa nisikilizeni, baba zangu. Hakuna mita. Mnavuta mpaka iingie ndani."

"Mpaka ndani?" Bucha aliuliza. "Hiyo sheria ya wapi?"

"Ya nyumba hii."

Refa, bila filimbi, alibaki amesimama kama mtu aliyevuliwa shati hadharani. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna kitabu cha sheria kingeliruhusu: akaenda akashika kamba. Wakawa tisa.

"Shika," alisema Mzee Chapa mwenyewe. "Kaza."

Neno la tatu hakulisema. Hawakulihitaji.

Kilichotokea hapo, Mzee Chapa alijaribu kukieleza kwa miaka iliyofuata na kila mara aliishia kukuna kichwa. Mvua iliwapiga usoni, ardhi ikawa uji, na yeye hakuona kitu. Lakini kupitia kamba aliwaona wote. Aliisikia pumzi ya kila mmoja kama anavyoisikia yake. Alijua goti la nani linauma na kwamba leo limekataa kuuma. Alimjua mwenzake wa tatu, aliyefiwa na mke na hakuwahi kusema lolote kuhusu hilo barazani. Huzuni yake ilikuwa kwenye kamba, nzito, nayo ilikuwa inavuta. Nyuma kabisa alisikia moyo wa Bucha ukidunda polepole kama ngoma kubwa, na miguu yote kumi na minane ikaufuata bila kuambiwa. Chai ya miaka mingapi haikuwahi kumwambia hayo! Akafika mahali asijue tena mikono ipi ni yake, akaogopa, woga mtamu, ule wa mtu aliyefungua mlango wa chumba anachokijua akakuta nyuma yake kuna uwanda usio na mwisho.

Mashine ikatoka majini, miguu ya kreti ikitiririka. Ikapanda. Ikapita chokaa, ambayo mvua ilikuwa imeifuta. Ilionekana kana kwamba hawavuti mashine peke yake, wanavuta barabara yote na nyumba zake, na wingu pia limekuja. Timu ikarudi kinyumenyume, ikaingia karakana kwa mlango wa mbele, ikatokea wa nyuma. Bucha, asiyeona nyuma, aliupita uzio wa jirani kama mtu anavyopita pazia. Jirani mwenyewe, aliyekuwa amekaa kibarazani anamenya vitunguu, alisogezwa na kigoda chake mpaka mlangoni kwake, kisu mkononi, akaweza tu kusema, "Karibuni."

"Imeingia!" Dobi alipiga kelele ndani. "Baba! Imeingia! Basi!"

Walimsikia. Wakasimama. Lakini hawakuachia.

Dobi alifungua kreti, akapiga magoti, akaufuta mkono kwa taulo, akauingiza chini ya tumbo la mashine na kuipapasa mota. Akautoa mkono, akautazama, akaupangusa shavuni kwake ili apate uhakika, maana vidole vyake havikuweza kumwambia. Mkavu. Akakaa sakafuni, akacheka, akalia, akacheka tena.

Kisha akatoka kuwatafuta. Aliwakuta kwenye mstari, wameloa, kuanzia kizingiti cha nyuma mpaka ndani ya mboga za jirani, wanaume tisa wameishika kamba iliyolegea. Watu hawa, ambao mtaa haukuwahi kuwasikia wamenyamaza, walikuwa wanatazama mbele kama wanaosikiliza kitu kilichoko mbali.

"Mzee mwenzangu," alisema Bucha hatimaye, "vidole vyangu havifunguki."

"Na vyangu."

"Na vyangu mimi."

Ilikuwa kweli. Vilikuwa vimekaza kama mizizi. Dobi alileta beseni la maji ya vuguvugu na sabuni, akapita kwa mmoja mmoja, akivifungua kidole kwa kidole kwa utaalamu wake wa kukamua shuka, huku wazee wakiguna na kushukuru. Refa alifunguliwa, akajikuta anacheka, na hakujua asimamishe vipi. Bucha alihitaji sabuni mara mbili.

Dobi alimwacha baba yake wa mwisho. Alipiga magoti mbele yake, akavishika vidole vile vyeusi vya wino, akavimwagia maji, akaanza na kidole kidogo.

"Polepole, mwanangu," alisema Mzee Chapa.

"Vinauma?"

Alitikisa kichwa. Kamba ilikuwa imelala, hakuna mtu upande wa pili, lakini mle viganjani alikuwa bado anaisikia inatetemeka.

"Niachie nishike kidogo tu," akasema.

Dobi akauondoa mkono wake, akakaa kando yake kwenye matope, akamngoja.